Mtoto kaandika 053, mwalimu kakata kaandika 037. Hizi beringi (pembe za kuonyesha mwelekeo) zinafundishwa na nani?

Wanajukwaa, salamu baadaye. Leo nina hasira.

Kijana wangu yuko kidato cha pili, na tuisheni anasoma huku kwetu Kisauni, Mombasa. Karatasi ya marudio imerudi na wino mwekundu juu ya swali alilolifanya sawasawa kabisa. Nalinakili mlione: mashua imetoka bandarini, ikaenda kilomita 8 mashariki kamili, ikageuka ikaenda kilomita 6 kaskazini kamili. (a) Iko umbali gani kutoka bandarini? (b) Beringi yake kutoka bandarini ni ngapi? (c) Na beringi ya bandari kutoka kwenye mashua?

(a) haina ugomvi. Pythagoras, 64 na 36 ni 100, kipeuo chake 10. Kilomita 10, kapewa alama zake.

Balaa liko (b). Mtoto kachora pembetatu, kasimamisha mstari wa kaskazini pale bandarini, kagawanya 6 kwa 8 akapata tanjenti 0.75, kikokotoo kikampa nyuzi 36.87. Halafu akaitoa kwenye 90. Kwa nini? Kwa sababu ile 36.87 imepimwa kutoka mashariki, na beringi huanzia kaskazini, inazunguka kufuata mwendo wa saa, inaandikwa kwa tarakimu tatu. Jibu: 053.13. Mwalimu kakata, pembeni kaandika 037. Kwenye (c) mtoto kajumlisha 180 akapata 233.13, nayo imekatwa, eti ni 217. Yaani kosa limezaa kosa, na zote mbili zimepigwa muhuri!

Nikampigia simu. Kwa adabu, wallahi. Nikamwambia, mwalimu, hiyo 037 umeipima kutoka wapi?

"Mama Salim, mimi nimefuata marking skimu, mwongozo wa kusahihishia."

Nikamwambia sawa, lakini hebu chora tuone.

"Mama, kwenye mtihani hakuna muda wa kuchora. Anatakiwa ajue SOHCAHTOA, basi."

Basi! SOHCAHTOA, ule ufupisho wa kukumbukia sini, kosini na tanjenti, inakwambia upande gani wa pembetatu ugawanywe kwa upi. Haikwambii kaskazini iko wapi. Huo mstari wa kaskazini usipouchora, tanjenti itakupa pembe nzuri ya kitu ambacho hukuulizwa. Na angalieni hata kwa macho: mashua imekwenda mashariki zaidi kuliko kaskazini, kwa hiyo beringi lazima ipite 045. Hapo hata kikokotoo hakihitajiki. 037 inasema mashua imeelemea kaskazini, na swali lenyewe linakataa.

Mtu atasema ni nyuzi 16 tu, Mama Salim umezidi. Haya, tupige hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 10, hizo nyuzi 16 zinakutupa karibu kilomita 2.8 mbali na pale ulipotakiwa uwe. Na unatupwa upande gani? Magharibi na kaskazini, yaani kwa pwani yetu hii unasogezwa nchi kavu, kwenye mwamba. Nilipomsomea kaka yangu, ambaye ni nahodha, alicheka mpaka akakohoa, akauliza huyo mwalimu amepanda chombo gani maishani mwake zaidi ya feri ya Likoni.

Ukurasa wa pili nao una kioja chake. Mtu yuko juu ya ukuta wa ngome, kimo mita 15, anaitazama mashua chini kwa pembe ya mwinamo ya nyuzi 20. Mashua iko mbali gani na ukuta? Pembe ya mwinamo hupimwa kutoka mstari wa mlalo wa macho yako kushuka chini. Kwa hiyo ni 15 kugawanya kwa tanjenti ya 20, mita 41 na kidogo. Majibu yao yanasema 5.46! Wameibandika pembe kwenye ukuta, wakazidisha badala ya kugawanya. Mita tano na nusu? Aliyewahi kusimama Fort Jesus upande wa bahari anayajua yale mawe ya chini. Hiyo mashua imepaki au imevunjika?

Na hapo mtoto alikuwa amepata 41.2. Akafuta. Amefuta jibu la kweli kwa raba, karatasi imebaki na alama ya kusuguliwa, akaandika 5.46 kwa sababu "ndivyo mwalimu anavyotaka". Hiyo ndiyo iliyonikera kuliko pesa, ijapokuwa pesa nazo ninazidai.

Sasa, walimu wa hisabati mliomo humu, msiniambie kijana ajitahidi. Semeni waziwazi: ni 053 au 037? Na mwenye kujua kitabu cha marudio kinachochora mstari wa kaskazini kabla ya kugusa sini na kosini, aweke jina lake hapa chini. Jumatatu nakwenda kuonana na mwenye hiyo tuisheni, na nataka niende na kitu mkononi.