Hedhi imekoma, mbona usingizi wangu umehamia kwa wajukuu?

BibiMakorora
Asalaam alaykum wapendwa. Nina miaka 54, naishi Makorora, Tanga. Hedhi ilikoma miaka mitatu nyuma, nikajiona kazi yangu ya uanamke imekwisha. Sasa binti yangu amejifungua wa pili. Namkanda kwa maji ya moto, namchemshia uji wa pilipili manga, kisha nambeba mkubwa, miaka miwili na nusu, mgongoni hadi Mgandini kununua mihogo. Usiku kichanga akikohoa, naamka kabla ya mama yake. Kwa wanangu mwenyewe sikuwa hivi, nililala fofofo. Jirani ananiambia kuna elimu ya saikolojia ya mageuko, ya namna tabia za watu zilivyojengeka tangu enzi za mababu, inayoeleza haya. Inasema nini juu ya mwanamke aliyekwisha kuzaa?

Mwalimu_Korogwe
Shikamoo mama. Ipo, na mfano wake mkubwa umetoka hapahapa nchini. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe, watu walioishi kwa kuwinda na kutafuta chakula porini, kando ya Ziwa Eyasi, wakapima nani anafanya kazi saa ngapi na analeta nini. Bibi waliokoma hedhi walikuwa wachimbaji hodari wa mizizi, ile iliyozama kwenye ardhi ngumu ambayo mtoto mdogo hawezi kuichimbua. Wakapima na uzito wa watoto. Kawaida mtoto aliongezeka kadiri mama yake anavyochimba. Lakini mama akiwa na kichanga, alichimba kidogo, na uzito wa yule aliyeachishwa ziwa ukafuata bidii ya bibi.

Yule aliyeachishwa ziwa, mama. Ndiye unayembeba kwenda Mgandini.

Sokwe mtu hunyonya miaka minne, mitano. Sisi tunaachisha mapema, mtoto hajaweza kujitafutia, na mama anabeba mimba nyingine. Hawkes anasema pengo hilo lilizibwa na bibi: wajukuu wa bibi wenye nguvu wakaishi zaidi, wakarithi umri mrefu. Kwa hiyo miaka yako baada ya hedhi si makapi. Huenda ndiyo iliyotufanya watu.

Nesi_Muheza
Dada, pongezi kwa mjukuu. Ya mwalimu nayakubali, ila wataalamu bado wanabishana kwa nini hedhi hukoma, tusiifanye aya. Na hata ikiwa kweli, kueleza hamu yako ilitoka wapi si kukupa amri ya kukesha peke yako. Kwa Wahadzabe haohao mtoto hubebwa na shangazi, dada, baba. Nakutana na bibi wengi kliniki wamepandisha presha kwa kukosa usingizi, wanaona haya kusema wamechoka. Baba mtoto yuko wapi?

BibiMakorora
Yuko baharini, hurudi Alhamisi usiku. Nimemwambia usiku wa Ijumaa na Jumamosi kichanga ni chake, kaitikia bila neno.

Mwalimu, nimelia nikisoma. Mama yangu alikuwa akija na tochi kuniangalia, nikadhani anamfuata mtoto. Alikuwa akinifunika mimi. Ndiyo maana nililala.

Na huyu mkubwa, kila nikimshusha chini analia, nikawa namwambia unadeka. Kumbe ziwa aliachishwa mwezi wa Shaabani, na mgongo wa mama umechukuliwa na mdogo wake. Jana nimempikia mhogo wa nazi, nikamlisha mapajani. Kamaliza sahani nzima.