Nimebeba trei mwenyewe, nimepangusa meza mwenyewe, halafu nalipishwa "coperto", hela ya kukaa mezani!

Wakuu, hasira bado zimenikaba kooni, kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo.

Leo Alhamisi, na mnaoishi Roma mnajua Alhamisi ni siku ya gnocchi, vile vidonge vya viazi na unga. Kuna tavola calda moja, mgahawa wa chakula kilichopikwa tayari, huku mtaa wa Prati, jina naliacha. Ni zile za kujihudumia: unachukua trei, unasogea na foleni mbele ya vioo, unaonyesha kwa kidole unachotaka, unalipa mwishoni, unatafuta pa kukaa. Saa saba mchana hapapitiki. Makarani, mawakili, mafundi wenye rangi kwenye suruali, wazee wa mtaa, wote wamo. Mimi nikiwa ugenini kanuni yangu ni hiyohiyo, wanapojazana wenyeji ndipo pa kula. Na chakula ni kitamu kweli, sina ugomvi na mpishi.

Nikachukua gnocchi za sosi ya nyanya, yuro 6.50. Cicoria, ile mboga ya majani chungu wanayoikaanga na kitunguu saumu na pilipili, kibao kinasema 1.80. Maji nusu lita 1.50 (na hapo nje hatua kumi kuna nasone, yale mabomba ya mtaani yanayomwaga maji ya kunywa bure Roma tangu 1874, ila uvivu ni wangu). Hesabu yangu ya kichwani: 9.80.

Keshia akasema 14.86. Nyuma yangu watu wanahema shingoni, nikagonga kadi, nikaondoka na trei yangu kama kondoo.

Nimekaa ndiyo nasoma risiti. Cicoria 4.86! Kumbe ile 1.80 ni "all'etto", yaani kwa kila gramu 100, na mama wa kaunta kanijazia gramu 270. Haya, hilo nalibeba. Maandishi yalikuwa madogo kama miguu ya sisimizi, lakini yalikuwepo. Mkiona neno etto popote pale, mwambieni anayepakua mnataka gramu ngapi kabla hajazamisha kijiko.

Mstari wa chini yake ndio ulionipandisha presha: "Pane e coperto 2,00", yaani mkate na coperto.

Coperto ya nini jamani? Hiyo ni hela ya kukaa mezani: kitambaa, uma na kisu, kikapu cha mkate, mtu wa kukuandalia. Uma nimeuchomoa mwenyewe kwenye kopo. Kitambaa cha mezani ni karatasi ya trei. Meza nimeikuta ina sosi ya aliyetangulia, nikaipangusa kwa tishu zangu za mfukoni. Sahani nimezirudisha mwenyewe kwenye lile toroli. Nilichobakiza ni kuviosha vyombo tu.

Sasa sikilizeni. Tulikuwa tunashea meza na baba mmoja wa makamo, kalipa kwa kuponi zake za kazini, risiti yake iko wazi kwenye trei. Gnocchi, maji, kahawa. Coperto hakuna.

Nikarudi kwa keshia. Kwanza akasema ni kawaida. Nikamwambia si kawaida, hapa ni mkoa wa Lazio, na sheria ya mkoa inakataza kutoza coperto. Mkate mnaweza kutoza mteja akiuomba, mimi sikuomba, na wala sikuuona. Nikamuuliza, na yule baba mbona hajatozwa?

Akanijibu bila kupepesa macho: "Yule ni wa kila siku."

Wakuu, nimekula hapo zaidi ya mara sita tangu nihamie mtaa huu! Nikaanza kuwaza ni risiti ngapi nimezitupa bila kuzisoma. Hivi hapo kuwa wa kila siku kunaanzia siku ya ngapi, au kunaangaliwa usoni?

Nikamwambia basi nipe mkate wangu niliolipia. Akafungua droo, akanisukumia rosetta moja, kale kamkate ka duara, ngumu kama jiwe la kusugulia miguu. Ipo hapa mbele yangu. Yuro mbili hiyo.

Naomba msaada kwa waliokaa huku muda mrefu. Kuna aliyewahi kupeleka risiti ya namna hii kwa polisi wa manispaa au chama cha watetezi wa walaji? Ulianzia dirisha gani, na walikusikiliza kweli au walikuzungusha? Risiti ninayo, haijakunjwa.