Mada ya saa moja kwa kikundi: wanawake wa Kiyahudi walioongoza jamii, nianzie wapi?

ZabibuDom
Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu cha VICOBA hapa Dodoma, wanachama 28, Wakristo na Waislamu, huwa na mada moja kila mwezi baada ya kununua hisa. Mwezi ujao ni wanawake wa Kiyahudi walioongoza kwenye haki na maisha ya jamii. Nikitafuta naletewa Malkia Esta na Golda Meir, waziri mkuu wa zamani wa Israeli, tu. Nataka wa mtaani: nani alimfuata nani, michango ilikusanywaje, kilikwama wapi. Muda ni saa moja.

MwlKondoa
Chukua mgomo wa nyama wa New York, Mei 1902. Wayahudi wahamiaji wa Lower East Side walinunua nyama ya kosher, yaani iliyochinjwa na kukaguliwa kwa sheria za dini yao. Waislamu kwenye kikundi wataelewa haraka kuliko wewe mtoa mada: nyama ya halali ikipanda bei, huhamii bucha lolote tu. Wauzaji wa jumla walilijua hilo. Ratili, karibu nusu kilo, ikapanda kutoka senti 12 hadi 18. Ratili na senti hazitawaambia kitu, kwa hiyo sema ni kama kilo ya 10,000 iwe 15,000 na kipato kibaki palepale.

Waliogoma kwanza ni wenye mabucha wenyewe. Walikataa kununua kwa wauzaji wa jumla, kisha wakalegea bila kupata cha maana. Ndipo kina mama wakaingia. Fanny Levy na Sarah Edelson walipita nyumba kwa nyumba kuhamasisha, na magorofa yale yalijaa familia hivi kwamba neno likifika ngazini limefika kwa wote. Waeleze kwa mfano wa balozi wa nyumba kumi. Tarehe 15 Mei walijigawa makundi ya watu watano watano na kulinda mitaa. Aliyetoka buchani na nyama alinyang'anywa, ikatupwa barabarani au ikamwagiwa mafuta ya taa. Polisi walipiga na kukamata, na wengi wa waliokamatwa walikuwa wanawake. Pesa za dhamana na faini zilichangishwa mlango kwa mlango.

Usiiruke Jumamosi ya tarehe 17. Kina mama waliingia kwenye masinagogi Torati ikisomwa, wakasimamisha usomaji. Mtu asiyejua ataona ni utovu wa adabu. Kumbe ilikuwepo mila ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki: mwenye malalamiko aweza kuzuia usomaji mpaka asikilizwe. Wao waliichukua mila hiyo, ingawa sehemu ile ya sinagogi haikuwa ya wanawake. Mwanzoni mwa Juni mgomo ukaisha, ratili ikiwa senti 14.

Chilonwa
Mwalimu kaeleza vizuri, ila usiwaambie walishinda moja kwa moja. Bei ilipanda senti 6, zikarudi 4. Na kilichokwama ni uongozi: viongozi wa kwanza waligombana, harakati zikakua, wanaume wa vyama na jumuiya wakaunda kamati yao ya pamoja na usemaji ukahamia huko. Hapo ndipo kikundi chako kitakapochangamka, niamini.

Ukitaka mwendelezo, mtaje Clara Lemlich. Tarehe 22 Novemba 1909, ukumbi wa Cooper Union hukohuko New York, viongozi wa wafanyakazi walihutubia kama saa mbili bila kuamua. Binti huyu mshona blauzi akaomba nafasi, akasema kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwamba wagome. Waligoma zaidi ya 20,000. Viwanda zaidi ya 300 vilisaini na chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha Triangle hakikusaini, na moto wa Machi 25, 1911 uliua watu 146 pale, mlango mmoja wa kutokea ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Mwaka 1935 Lemlich alirudi kwenye mgomo, safari hii wa nyama, akiwa mama wa nyumbani.

Ihumwa_Jr
Mbona mnakwenda mbali? Helen Suzman alikuwa bungeni Afrika Kusini 1953 hadi 1989, na kuanzia 1961 hadi 1974 alikuwa mbunge pekee wa chama chake. Mwaka 1963, sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka, yeye peke yake alipiga kura ya hapana. Silaha yake mkaaji wa Dodoma anaijua: swali kwa waziri. Wangapi wamekamatwa kwa kukosa pasi, kile kibali ambacho Waafrika walilazimishwa kutembea nacho? Wangapi wako kizuizini? Waziri akijibu, takwimu inaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na magazeti yanaweza kuichapisha.

ZabibuDom
Asanteni sana. Nikichukua yote saa moja haitoshi. Nipunguze nini?

MwlKondoa
Suzman mpe dakika 5 mwishoni, Lemlich mwachie mwezi mwingine. Dakika 10 za bei na maana ya kosher. Dakika 20 za mgomo, ukiwagawa makundi ya watano. Kwa 28 yatakuwa matano na watatu wabaki, hao wafanye wenye mabucha. Dakika 25 za swali la Chilonwa: kamati ya wanaume imefika, inasema itawasemea. Mnajibu nini? Acha wabishane, usiwape jibu. Kuwa makini tu na mtu atakayeuvuta mjadala kwenye siasa za Israeli ya leo; hawa ni wahamiaji wa New York wa 1902, taifa la Israeli lilitangazwa 1948.

Chilonwa
Na mweka hazina asiwe ndiye mwenyekiti wa mjadala siku hiyo. Atataka kufunga mapema ahesabu hisa.