Naomba ushauri: mwani wangu wa kotonii unageuka mweupe kila kaskazi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Napanda aina mbili za mwani, spinosum na kotonii, kwa vigingi na kamba, sehemu ambayo wakati wa bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) maji yakipwa yanabaki ya kifundoni tu. Spinosum haina tabu. Kotonii, ambayo ndiyo yenye bei, inakwenda vizuri wakati wa kusi, msimu wa baridi, lakini ikiingia kaskazi, msimu wa joto, na maji kuwa ya moto, matawi yanageuka meupe, yanalainika na kukatika. Bamvua lililopita nimevuna kamba 9 kati ya 40.

Nimeshabadilisha mbegu (vipande vya mwani vya kupandia) mara mbili, nimeachanisha kamba, na kila nikishuka pwani nasafisha uchafu ulionasa. Wapi! Wenzangu wanasema nihamie maji ya kina, nitumie nyavu za mrija, zile ndefu kama bomba ambazo mwani unatiwa ndani. Sawa, lakini kuogelea sijui na chombo sina.

Kwa waliojaribu: maji yakipwa, kina kiwe kiasi gani ili kotonii ivuke kaskazi? Na mbegu mnaihifadhi vipi miezi ya joto?