DVD za kwaya: nichome kwa spidi gani ili nyimbo za mwisho zisikwame?

Mchomaji_Uyole
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina kibanda cha kuchoma CD na DVD hapa Uyole, Mbeya. Kazi zangu ni harusi, kipaimara na kwaya. Wiki mbili zilizopita nilichoma nakala 40 za kwaya moja ya kijijini, upande wa Tukuyu. Nilikuwa na haraka, nikaweka spidi ya juu kabisa, 16, kama ilivyoandikwa kwenye DVD zenyewe. Kompyuta ikasema zimekamilika. Nikajaribu tatu kwenye deki yangu, wimbo wa kwanza na wa pili, safi.

Jumapili mwalimu wa kwaya akanipigia. Nyimbo sita za mwanzo zinacheza, wa saba picha inagandaganda, wa nane deki inagoma. Si zote, ila zimerudi kama 15. Wale kina mama walichanga hela zao za viazi, na mimi ndiye nimewaangusha. Nawachomea upya bure. Wameongeza na oda, jumla sasa ni 80 na wanazitaka Jumamosi. Spidi ipi ni salama? Nishuke mpaka 1?

Mzee_wa_Deki
Marahaba kijana. Mimi niko Mwanjelwa, nachoma tangu enzi za CD tupu. Siku zote 2 au 4, basi. Ukikimbiza, leza inapita juujuu. Shuka chini kabisa kadiri kompyuta inavyoruhusu.

Kamwene_Iringa
Kamwene wote. Mzee wangu, kwa CD za zamani ulikuwa sahihi kabisa. Kwa DVD za 16 naomba nitofautiane nawe kwa heshima.

Rangi iliyo ndani ya DVD ya 16 imetengenezwa ipigwe na leza kali kwa muda mfupi mno. Raita, yaani mashine ya kuchomea, ikipewa DVD tupu, kwanza inasoma alama ya kiwanda iliyomo kwenye diski, halafu inatafuta kwenye kumbukumbu yake: diski ya aina hii ipigwe kwa nguvu gani na kwa mapigo ya namna gani. Maelekezo hayo yamepangwa kwa spidi fulani fulani. Ndiyo maana raita nyingi ukiziwekea DVD ya 16 hazikupi kabisa 1 wala 2, na hata zikikupa, alama zinazochorwa huko chini zinaweza kuwa mbaya kuliko za 8. Polepole si lazima iwe salama.

Sasa tuje kwenye nyimbo zako za mwisho. DVD inachomwa kuanzia ndani kwenda ukingoni. Ukichagua 16, raita haianzi na 16. Inaanza kwenye 6 na kitu, inapanda taratibu, na 16 yenyewe inaifikia huko ukingoni tu. Ukingoni ndiko diski inakoyumba zaidi, na kama ni ya bei rahisi, rangi yake mara nyingi haikusambaa vizuri huko. Kwa hiyo wimbo wa kwanza ulichomwa kwa mwendo wa wastani, wa nane ukachomwa mbio. Ulijaribu sehemu ambayo isingekuonyesha kosa.

Chagua 8. Raita ikikataa 8, chukua 6 au 4.

Fundi_Makambako
Swali moja kabla hajaanza kuchoma. Zilizorudi zinakwama mahali pamoja, sekunde ile ile? Kama ndiyo, tatizo linaweza kuwa video na si spidi. Kiwango cha DVD kinaruhusu video mpaka megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini deki za zamani zinahangaika ukikaribia hapo. Mimi sipitishi 7. Na stika za karatasi umebandika? Ziondoe kwenye mpango. Diski inakosa mizani, na karatasi ikipata joto ndani ya deki inajikunja.

Mchomaji_Uyole
Nimezicheza tano sasa hivi. Kila moja inakwama pake, ila zote ni baada ya wimbo wa sita. Stika nilibandika, ndiyo. Video ni megabiti 6.

Fundi_Makambako
Basi ni uchomaji, na stika imesaidia kuharibu. Andika juu kwa kalamu maalumu ya CD.

DadaNjombe
Mdogo wangu, usiogope muda. DVD iliyojaa kwa 16 ni kama dakika 6, kwa 8 ni kama 9, kwa 4 inafika 15. Kwa diski 80, kutoka 16 kwenda 8 unaongeza saa 4 hivi. Ukienda 4 unaongeza saa nyingine 8. Washa na ule ukaguzi baada ya kuchoma, ingawa nao unakula muda. Halafu jaribu wimbo wa MWISHO, kwenye deki kuukuu kuliko zote unazoweza kuazima. Raita yako inasoma vitu ambavyo deki ya kijijini haivisomi.

Na wakikuomba CD za kusikiliza kwenye gari, usichanganye namba. Spidi 1 ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde, ya DVD ni kama 1,385. Kwa CD ya 52 mimi huweka 16 au 24, na redio za magari huku hazijanirudishia.

Mzee_wa_Deki
Hilo la rangi sikulijua. Kijana, fuata 8. Deki yangu ni ya zamani sana, pitia Mwanjelwa uichukue.

Mchomaji_Uyole
Nimerudi wakuu. Nimechoma 80 zote kwa 8, bila stika. Tatu zilikataliwa na ukaguzi, zote za pakiti moja isiyo na jina, na pakiti hiyo nimeiacha. Kwenye deki ya mzee nimejaribu wimbo wa nane wa kila nakala ya kumi, haukuganda hata mmoja. Mzigo umepanda gari la Tukuyu leo asubuhi. Mzee, deki nakurudishia kesho.