Naomba ushauri: nasoma Akata Witch na wasichana wa mtaani, nimekwama kwenye neno "uchawi"

Somo_wa_Jumamosi

Wakuu, habari za humu ndani. Nipo Mwanza. Kila Jumamosi alasiri nakaa uani na wasichana saba wa mtaani kwetu, wa darasa la sita hadi kidato cha pili, tunasoma riwaya. Sasa hivi tuko na Akata Witch ya Nnedi Okorafor, iliyotoka 2011. Tunasoma kwa Kiingereza, tunajadili kwa Kiswahili.

Kwa ambao hawajaisoma: Sunny ana miaka 12, kazaliwa New York, wazazi wake ni Waigbo, na sasa wanaishi Aba, Nigeria. Ana ualbino. Mpira anaupenda kufa, ila jua halimruhusu, kwa hiyo anacheza na kaka zake usiku. Baadaye anagundua kuwa ni mmoja wa Watu wa Chui, yaani watu wenye juju, nguvu zisizo za kawaida, anaanza kufundishwa pamoja na wenzake watatu, Orlu, Chichi na Sasha. Mwalimu wao anaitwa Anatov.

Wasichana wameipokea vizuri mno. Pale mwanzoni mwalimu wa shule anapompa Sunny fimbo awachape wenzake kwa kuwa insha yake ndiyo bora, naye anakataa, walinyamaza wote, kisha mmoja akasema taratibu, "Hata mimi ningeitupa." Lakini tulipoingia kwenye mafunzo yenyewe, mjadala umegeuka kusimuliana: akaenda huku, akakuta hiki. Nataka waingie ndani zaidi, sijui niwashike wapi.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mmoja wa wale saba ana ualbino. Nikieleza juju nasema "uchawi", na kila nikilitamka hilo neno namwona anainama, anakunja ukingo wa kofia yake kwa vidole. Historia ya kanda yetu hii, ya watu wenye ualbino kuuawa kwa imani za kishirikina, mnaijua. Juzi tena mzazi mmoja kaniuliza kwa nini nawafundisha watoto uchawi. Niendelee, au nibadilishe kitabu?

Kalamu_ya_Wino

Dada, usibadilishe. Kwa swali la kwanza, kitabu chenyewe kimekupa pa kushika: chittim. Mtu wa Chui akijifunza jambo kwa kweli, vijiti vya madini vinamdondokea kutoka hewani, na hivyo ndivyo fedha yao. Tena vya shaba ndivyo vyenye thamani kubwa, vya dhahabu viko chini kabisa. Basi kila vinapodondoka, fungeni kitabu. Uliza: hapa kajifunza nini ambacho ukurasa uliopita hakukijua?

Mimi niliwahi kufanya hivyo na kidato cha pili kwa kopo tupu la maziwa na vizibo vya soda. Anayejibu kwa kuonyesha mstari kitabuni, anatia kizibo. Anayesimulia tu, hatii. Siku ya kwanza vilisikika vizibo vinne kwa saa nzima. Wiki ya tatu walikuwa wananyang'anyana kitabu kutafuta mstari.

Halafu msiviruke vile vipande vya kitabu cha mwongozo vilivyopachikwa katikati ya sura. Aliyekiandika anawadharau watu kama Sunny, ambao wazazi wao si Watu wa Chui. Msichana mmoja asome kipande hicho kwa sauti, mwingine amjibu kama Sunny. Hapo ndipo watakapoona kuwa mwanafunzi anaweza kufundishwa na kutukanwa na kitabu kilekile, na itampasa achague cha kubeba na cha kuacha. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya riwaya nzima.

Pwani_Kusini

Waulize pia kuhusu unyago. Hata kama kwenu haupo, wameusikia. Sunny anapovutwa ardhini siku ya kuingizwa kwenye Watu wa Chui, je, alishauriwa? Nani alikuwa somo wake? Bibi zetu huku Lindi hawakumwingiza mwali bila mtu wa kumshika mkono.

Kofia_Pana

Nimesita kuandika, lakini acha niseme. Mimi nina ualbino, nimekulia Shinyanga, na hiki kitabu nimekisoma mara mbili.

Mara ya kwanza nilikiweka chini. Baada ya kuingizwa, jua linaacha kumchoma Sunny, na nikajiuliza kwa nini lazima apone ndipo awe shujaa. Bado naona hilo ni doa. Wasichana wako wana haki ya kulibishania.

Mara ya pili nilimtazama adui. Kofia Nyeusi Otokoto anateka watoto na kuwakata ili apate nguvu. Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1996, Owerri, mji usio mbali na Aba, mvulana aliyekuwa akiuza njugu aliuawa katika hoteli iliyoitwa Otokoto, mwili wake ukakatwa, na mji ukalipuka kwa ghasia. Mwandishi kalichukua jina hilo akampa muuaji.

Sasa weka wawili hao pamoja. Sunny ana uwezo kwa sababu ni wake, na anaukuza kwa kusoma na kukosea. Alipomtisha msichana wa shuleni kwa kuuonyesha uso wake wa roho, ule wa siri alionao kila Mtu wa Chui, aliadhibiwa. Hakuna kiungo chake ambacho mtu akikichukua atapata chochote. Anayeamini kuwa nguvu iko kwenye mwili wa mtoto wa mwenzake ndiye huyo muuaji. Mimi nilikulia katikati ya watu walioamini hivyo hivyo. Nilirudishwa shuleni kwa kusindikizwa. Kukuta riwaya inayosema waziwazi nani mwovu kati ya wale wawili, nililia.

Kwa hiyo acha kusema "uchawi". Huku kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru, hata mganga hapendi kuitwa hivyo. Sema "juju" kama ilivyoandikwa, watazoea. Na tafadhali, usimgeukie yule binti kumuuliza "wewe unaonaje?" mbele ya wenzake. Akitaka kusema, atasema. Muulize pembeni kama anataka tuendelee, na jibu lake liwe la mwisho.

Kalamu_ya_Wino

Hilo la Owerri sikulijua. Asante sana.

Somo_wa_Jumamosi

Nimesoma nikasimama nikatembea kidogo. Asanteni. Kofia_Pana, yule binti nilimpitia jana kwao. Nilimweleza nimekosea kwenye lile neno. Akaniambia yeye ameshamaliza kitabu, alikiazima akakisomea usiku, na anataka tufike pale Sunny anapocheza mpira Abuja na wavulana. Kuhusu jua kupona akasema, "Hapo kadanganya, lakini goli ni goli." Yule mzazi nimemwalika aje akae nasi Jumamosi. Kuna kingine nikiangalie?

Kofia_Pana

Msikae uani. Ingieni ndani, na yule binti asikae akilitazama dirisha, mwanga usimpige machoni. Wengi wetu tuna uoni hafifu. Kurasa za siku hiyo zipigie kopi kwenye karatasi kubwa, herufi zikuzwe, na uwape wote saba kopi za namna hiyo hiyo.