Naomba ushauri: bafa ya siki kwa wanafunzi wa kidato cha sita

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kemia huku Mbagala. Maabara yetu haina asidi ya asetiki wala kipima pH (kiwango cha uasidi), na sitaki vijana waingie kwenye mtihani wakiwa wamekariri bafa, yaani mchanganyiko unaozuia pH isibadilike sana ukiongezewa asidi au besi kidogo, bila kuiona ikifanya kazi.

Nafikiria kutumia siki nyeupe ya dukani, ambayo ni asidi ya asetiki ndani ya maji. Ya asilimia 5 inakaribia molari 0.83, kwa hiyo mililita 50 zikitiwa mililita 21 hivi za sodiamu haidroksaidi ya molari 1, nusu ya asidi inageuka asetati na pH inaangukia karibu 4.8. Kisha tunadondosha asidi ya haidrokloriki kwenye bafa na kwenye maji matupu, bika mbili kando kwa kando.

Kinachonisumbua ni kiashiria, rangi ya kuonyesha pH. Methili oranji inabadilika kati ya 3.1 na 4.4, kwa hiyo bafa itabaki njano tu na vijana wataamini pH yake haisogei kabisa, kumbe inasogea, ila kidogo kidogo. Bromokresoli kijani, 3.8 hadi 5.4, ingefaa zaidi. Kuna anayejua duka Kariakoo linalouza kwa kipimo kidogo?

Halafu maji. Ya kisima chetu ni magumu, yana bikaboneti inayokula asidi, yatavuruga ulinganisho wote. Maji ya betri ya madukani naweza kuyaamini, au mengine huwa yamechanganywa na asidi? Waliowahi kulifanya zoezi hili, naombeni mnielekeze.